Nilivyomsindikiza Mama Paskalina Kuchukua Nishani

Tangu nirudi kutoka Dodoma sijanywa chai yangu ikiwa ya moto. Kila anayepita hapa Sigino anakaa kwenye benchi langu na kuuliza, "Baba Josefati, hivi kule ilikuwaje?" Na kila mmoja anakuja na habari yake tayari. Wengine wameambiwa nilikamatwa. Wengine wanasema nishani nilivishwa mimi kwa makosa. Mke wa katekista anaamini kabisa kwamba mimi na Mama Paskalina tulifunga ndoa huko. Nimechoka kueleza kidogo kidogo. Naandika yote mara moja, na atakayekuja kuuliza tena atapewa daftari hili asome mwenyewe.

Kwa asiyetujua, mimi na Mama Paskalina ni wahudumu wa afya wa kujitolea wa kitongoji chetu. Kila mwezi tunatundika mzani kwenye boriti ya ofisi ya kitongoji, kina mama wanaleta watoto, mtoto anavalishwa ile suruali ya kitambaa yenye kamba, ananing'inizwa, analia, tunasoma mshale. Mama Paskalina anapima, mimi naandika. Ndivyo tulivyogawana tangu siku ya kwanza, kwa sababu yeye watoto wanamkubali na mimi wakiniona wanakojoa.

Mwisho wa mwezi naandika taarifa ya kupeleka zahanati. Chini yake pana mstari wa jina la mtoa taarifa na mstari wa sahihi. Sasa hapo ndipo kosa langu lilipo, na safari yote imetoka hapo. Ujanani nilikuwa karani wa ghala la mahindi. Panya wakala mahindi, na kwa kuwa jina lililokuwa kitabuni ni langu, nikaulizwa mimi siku tatu mfululizo, kana kwamba panya walikuwa wakinitaarifu kabla ya kuingia. Nikaapa kwamba jina langu halitaingia tena kwenye karatasi ya mtu yeyote. Kwa hiyo taarifa ya kwanza niliandika jina la Mama Paskalina, yaani Theresia Amnaay, na nikamsainia. Ya pili vivyo hivyo. Imekwenda hivyo miaka kumi na mmoja.

Halafu ikaja barua. Theresia Amnaay wa Sigino, Babati, amechaguliwa kuvishwa nishani pamoja na wauguzi, waganga na watu wengine wa kujitolea wa nchi nzima, kwa taarifa zake zisizokosa hata mwezi mmoja, zilizoandikwa kwa mwandiko safi unaosomeka. Barua ilisomwa kanisani. Watu walipiga makofi na mimi nikapiga. Lakini iliniuma, sitaki kuficha. Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Aliruhusiwa kwenda na mtu mmoja wa kumsindikiza, akanichagua mimi. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa na langu moyoni. Nilichukua madaftari mawili yenye nakala za taarifa za zamani, nikayafunga kwenye gazeti, nikayaficha chini ya begi. Nikifika Dodoma ningemtafuta mkubwa mmoja, nimwonyeshe mwandiko, nimwombe jina langu liwekwe mahali pake. Mama Paskalina sikumwambia neno.

Sigino hadi stendi

Barua ilisema kila mwenye nishani aje na kifaa chake cha kazi, kiwekwe kwenye meza za maonyesho. Wengine wangekuja na kitu kidogo kama kalamu au mpira wa kusikilizia mapigo ya moyo. Mama Paskalina alikuja na mzani, na suruali tatu za kupimia, zote zimefuliwa.

Tulipanda bodaboda moja, mshikaki, mimi nyuma kabisa na begi kichwani, yeye katikati amekumbatia mzani. Dereva alikuwa kijana wa Nangara. Hatujafika mbali akageuza shingo.

"Mama, huo si mzani wa watoto?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Wa kwangu mwezi uliopita hakupimwa. Mama yake alikuwa amesafiri. Tupitie nyumbani mara moja, dakika tano tu."

Nilimwambia tuna basi la kuwahi. Mama Paskalina akasema mtoto akikosa miezi miwili mfululizo kadi yake inakuwa na pengo, na pengo halizibiki. Tukaenda Nangara. Mzani ukatundikwa kwenye mlango wa banda la ng'ombe, mtoto akapimwa, akaonekana mzima kabisa na mwenye hasira. Kumbe majirani walikuwa wanachungulia. Nilipoinua kichwa kina mama saba walikuwa wamepanga foleni na kadi mkononi, na mmoja amekuja na mtoto wa darasa la pili, eti apimwe tu kwa kuwa nafasi imepatikana.

Nikaandika, nifanyeje. Nilipomaliza ukurasa mkono wangu wenyewe ukateremka chini na kuandika Theresia Amnaay, na sahihi, na ule mkia wake. Nilishtuka nikiwa nimeshamaliza. Nilikuwa njiani kwenda kudai jina langu, na bado naandika la kwake. Basi la kwanza lilitupita tukiwa hapo hapo Nangara, tukalisikia honi tu.

Babati hadi Kondoa

Basi la pili lilikuwa na nafasi mbili za nyuma. Kondakta hakukubali mzani uwekwe kwenye buti, akisema vitu vya serikali vikivunjika ni kesi, hivyo tukautundika kwenye bomba la juu, pale katikati. Kila basi likikata kona, mzani unabembea, na suruali ile inapiga mateke watu wa pande zote mbili. Mzee mmoja mwenye kofia alipigwa mara tatu kabla ya Bonga. Mara ya nne akaivua kofia na kuitumbukiza ndani ya suruali, akasema kama lazima ipigane basi ipigane na kofia.

Kondakta alivutiwa. "Mzee, hiyo kitu inapima watoto tu au hata sisi?"

"Watoto wa chini ya miaka mitano," nikamjibu.

"Na kuku?"

Mama Paskalina akasema suruali ile haitavaliwa na kuku, na kwamba akirudia swali hilo atashuka nayo. Kijana akaomba radhi. Nilicheka kidogo, ingawa siku ile nilikuwa nimeazimia kutocheka na Mama Paskalina.

Tulipopita Bereko basi likasimama mahali penye wauza vitunguu na viazi. Abiria wengi walikuwa wanangoja kituo hicho, wengine wameshasimama na mifuko mkononi. Mama Paskalina aliona abiria wanashuka, akaona si vizuri kuuacha mzani peke yake na watu wasiojulikana. Akaufungua, akauning'iniza begani, akashuka nao.

Mnajua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linakuwa gunia moja na nusu, na serikali imelipiga marufuku. Pale yalikuwa yamepangwa kama kumi na tano. Mwanamke muuzaji wa kwanza alimwona mama mtu mzima, nguo safi, mzani begani, na nyuma yake mwanamume mwenye daftari na kalamu, maana mimi nilikuwa nimelishika daftari la Nangara. Akasema kitu kwa lugha yao. Sikukielewa, lakini miguu ya wenzake ilikielewa. Wauzaji wakayeyuka. Wengine waliingia mashambani, mmoja akajifunika turubai palepale na kukaa kimya. Magunia yakabaki, na madebe, na mwavuli mmoja unaviringika.

"Wamepatwa na nini?" akauliza Mama Paskalina.

"Wanadhani sisi ni watu wa vipimo wa serikali, tumekuja kukamata lumbesa."

Akasikitika kweli. Akaenda mpaka kwenye lile turubai, akapiga hodi kwa mdomo kama mtu aliye mlangoni. "Dada, hodi. Sisi hatupimi viazi. Tunapima watoto."

Sauti ikatoka chini ya turubai. "Watoto wangu ni wakubwa."

"Basi tutanunua vitunguu."

"Sina vitunguu," ikajibu sauti, na magunia matatu yamemzunguka.

Abiria walituchukia. Kila mmoja alikuwa ameagizwa vitunguu na mtu, na sasa muuzaji hayupo na kuchukua bila kulipa ni wizi. Dereva alipiga honi, akangoja, akapiga tena, mwisho akaondoa gari. Mzee wa kofia alinitazama mpaka Kolo. Mke wake atampikia bila kitunguu wiki hii, alisema, na atamweleza ni kwa sababu ya nani.

Kondoa, chakula cha mchana

Kondoa basi lilisimama watu wale. Tuliingia kwa mama ntilie mmoja, tukaagiza ugali. Ukaja na mlenda. Sisi wenye asili ya nyanda za juu za Mbulu tumezoea ugali na maziwa ya mgando, mlenda unatushinda. Nilichukua tonge, nikachovya, nikanyanyua mkono, mlenda ukanyanyuka nao. Nikanyanyua juu zaidi, nao ukaja. Nilisimama kabisa. Watu wa meza ya pili wakanielekeza kwa upole kwamba unazungusha mkono mara moja ndipo unakatika. Nikazungusha, ukakatika, ukatua kwenye shati nililoazima kwa ajili ya Dodoma.

Mama Paskalina alinifuta kwa ncha ya kanga yake. Halafu, akiwa bado ameshika kola yangu, akasema jambo ambalo lilinitoa hamu ya kula.

"Baba Josefati, kuna kitu sijawahi kukwambia. Tulipoanza kazi nilidhani utajiandika wewe. Wanaume ndivyo walivyo. Lakini kila mwezi ukaandika jina langu, langu tu. Nilikuwa nayaona yale makaratasi zahanati. Mume wangu alipokuwa hai nilimwambia, yule mwanamume ananiheshimu."

Nilisema tu kwamba basi linapiga honi, na lilikuwa halijapiga. Aibu niliyoisikia pale siwezi kuieleza vizuri. Madaftari yalikuwa kwenye begi chini ya meza, yanagusa mguu wangu. Lakini pia nilijiambia kwamba kweli ni kweli, mwandiko ni wangu, na mtu hawezi kula jasho la mwenzake kwa sababu tu hajui analila. Nilipanda basi nikiwa na mawazo yote mawili.

Kondoa hadi Dodoma

Kabla ya kufika Dodoma gari lilipitishwa kwenye mizani ya barabarani, ile inayopima magari makubwa. Basi likaonekana limezidi kidogo. Kondakta anazijua hizo. Akatuomba tushuke wote, tutembee mpaka ng'ambo, basi lipimwe likiwa tupu, tupande tena mbele. Abiria wakashuka bila manung'uniko, wazee kwa watoto, tukaanza kutembea.

Mama Paskalina akagoma. Alisimama mbele ya kibanda cha mpimaji, mzani begani.

"Shikamoo mama," akasema mpimaji, kijana mwenye fulana inayong'aa.

"Marahaba. Mwanangu, unapima gari bila watu wake?"

"Ndiyo mama, ili lipungue."

"Na barabarani litakwenda bila watu?"

"Hapana, watapanda hapo mbele."

"Sasa umeandika nini kwenye kadi yake?"

Kijana akatutazama sisi tuliokuwa mbele. Mimi nikatazama milima.

"Mimi napima watoto," akaendelea. "Mzazi akitaka mtoto aonekane mzito anamvisha sweta mbili. Akitaka aonekane mwepesi apewe unga wa lishe, anamvua mpaka shanga. Wote nawarudisha. Kwanza, umerudisha mshale kwenye sifuri?"

"Mama, hii ni kompyuta."

"Hata kompyuta ina sifuri."

Basi, yule kijana akaingia kibandani kuangalia. Nadhani aliangalia kwa sababu amelelewa vizuri, haoni njia ya kumkatalia mtu mzima. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Hakusema ameona nini, ila aliagiza mabasi mawili yaliyokwishapimwa kabla yetu yarudi nyuma, na letu lipimwe upya lenye watu na vitu vyote. Likazidi. Tukakaa pale saa mbili wakihamisha mizigo kwenye gari jingine. Abiria wa mabasi matatu walimjua Mama Paskalina kwa sura siku ile. Mzee wa kofia alikuja kukaa karibu nami kwenye kivuli cha lori, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mama ni mke wangu. Nikasema hapana. Akanipa pole hata hivyo.

Nyumba ya wageni

Tulifika Dodoma jua linaelekea kuzama. Nyumba ya wageni tuliyoelekezwa ilikuwa na dada wa mapokezi na kitabu kikubwa: jina, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Nikajaza mstari wangu kwa kusitasita, penye sahihi nikaweka alama ya vema tu, maana hata kitabu cha wageni kinanipa wasiwasi. Kisha nikajaza wa Mama Paskalina na kusaini. Wake ulinitoka mkononi kwa raha.

"Mpaka kitanda cha kulala unanisainia?" akasema Mama Paskalina nyuma yangu, akicheka.

Dada alitazama mistari miwili, mwandiko mmoja, akatoa ufunguo mmoja.

"Hapana," akasema Mama Paskalina. "Huyu si mume wangu. Huyu ni mwandishi wangu."

Dodoma, mwanamke mtu mzima mwenye mwandishi wake ni mbunge, au kitu kikubwa zaidi. Dada alisimama. Akamwita mheshimiwa. Akarudisha ule ufunguo na kutoa mwingine wenye kipande cha mbao kilichochongwa. Mama Paskalina alipelekwa chumba chenye televisheni na zulia, akaletewa zabibu kwenye sahani bila kuagiza. Mimi mwandishi nilipewa kile kilicho kati ya jiko na stoo, na mto ulionukia vitunguu. Asubuhi dada aliuliza kama mheshimiwa ana maelekezo yoyote. Mheshimiwa akaelekeza kwamba chooni waweke sabuni. Iliwekwa kabla hatujamaliza chai.

Ukumbini

Sasa tumefika pale ambapo wengi wenu mna habari zisizo sahihi.

Mlangoni palikuwa na meza ndefu, na nyuma yake karani mwembamba mwenye mafaili. Kila mwenye nishani alitoa kitambulisho, akasaini kitabu, akapewa kadi yenye namba ya kiti. Asiye na kadi haingii, na asiyeingia haitwi. Mimi nilikuwa nimeshika begi langu, natafuta kwa macho nani mkubwa wa kumwendea na madaftari yangu. Nilishamwona mama mmoja mwenye suti, watu wakimfuata nyuma. Nilishapiga hatua mbili.

Mama Paskalina akasaini. Yeye aliishia darasa la nne, anaandika jina lake herufi moja moja, kubwa kubwa, kama anapanda mahindi. Karani alitazama. Akafungua faili, akatoa mojawapo ya taarifa zetu. Akatazama tena.

"Mama, hii si sahihi yako."

"Ni yangu."

"Ya kwenye faili ina mkia. Hii haina mkia."

Mama Paskalina akampa kitambulisho cha taifa kwa mara ya pili. Karani akalinganisha picha na uso, akaridhika, akatikisa kichwa. "Kitambulisho kinasema ni wewe. Faili linasema si wewe. Mimi nafanya kazi na faili." Kisha akasema kwa sauti iliyosikika foleni nzima kwamba mwaka huu wameambiwa wawe macho, kuna watu wanakuja kuchukua nishani za wenzao, na akamwomba asogee pembeni asubiri askari.

Mama Paskalina hakubishana. Yeye ambaye jana alirudisha nyuma mabasi mawili, alisogea pembeni akasimama na mzani wake kama mtu aliyekutwa nao. Watu wakamtazama. Ndipo akageuka kunitafuta, na niliona usoni kwake kwamba hana shaka kuwa nitalitengeneza, kwa kuwa makaratasi siku zote ni kazi yangu.

Yule mama wa suti alikuwa hatua tano mbele yangu. Nilikuwa na ushahidi wote begani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba inaishia kwenye meza ya karani. Nikageuka, nikarudi mezani, nikafungua gazeti na kuweka madaftari yangu mbele yake.

"Mkia huo ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namsainia."

"Miaka yote?"

"Yote."

Akapekua. "Kwa hiyo Theresia Amnaay ni wewe."

"Kwa maandishi tu. Kwa watoto ni yeye. Kila mtoto aliyemo humo alipita mikononi mwake. Mimi nilishika kalamu."

"Kwa nini hukuandika jina lako?"

Mama Paskalina alikuwa amesogea karibu anasikiliza. Ningeweza kusema nilimheshimu. Lilikuwa mdomoni, na lingemfurahisha kila mtu.

"Niliogopa kuulizwa," nikasema. "Nilitaka kama kuna kosa aulizwe yeye."

Alinitazama kidogo, kisha akatazama mzani wake, akaanza kuifunga upya kamba ya suruali ambayo haikuwa imefunguka.

Karani alikuwa na tatizo kubwa zaidi. Alimwita yule mama wa suti, wakanong'ona, mafaili yakapekuliwa. Nilitegemea pingu. Uamuzi ulipokuja ulikuwa huu: faili haliwezi kubadilishwa siku ya sherehe, sahihi ya kitabuni lazima ifanane na ya faili, na mimi siwezi kumsainia kwa kuwa hilo ni kosa. Kwa hiyo Mama Paskalina asaini yeye mwenyewe, kama ilivyo kwenye faili. Tukapewa nusu saa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nilikaa kwenye ngazi za ukumbi huko Dodoma nikimfundisha Mama Paskalina sahihi yake. Tulitumia kurasa tupu za daftari lile la ushahidi. Nilimwonyesha T inavyoanza, inavyopita juu ya nyingine bila kunyanyua kalamu. Hakuniongelesha ila kwa mambo ya kazi.

"Hapa ni nini?"

"Ni H, lakini imelala."

"Kwa nini imelala?"

"Mwandikaji alikuwa na haraka."

"Na huu mkia?"

"Sijui. Nilianza tu."

"Jina langu limekuwa na mkia miaka kumi na mmoja na hakuna aliyeniambia," akasema, akaendelea kuandika. Alijaza kurasa nne. Ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zangu, mkia umenyooka. Akaenda mezani, akasaini. Karani akaweka rula chini ya mkia na chini ya ule wa faili, akampa kadi.

Nishani alivishwa. Mgeni rasmi alimshika mkono, akamwambia ameambiwa kwamba mwandiko wake ni mfano kwa nchi. Mama Paskalina akajibu, "Asante, nimeupata leo." Ukumbi ukacheka, wakidhani ni unyenyekevu. Mimi nilikuwa nje kwenye ngazi, nikisikilizia kwenye spika, kwa kuwa karani aliona si busara niingie.

Kurudi

Safari ya kurudi haina mengi. Alikaa dirishani na nishani kwenye mkoba. Bereko walituona wakakimbia tena. Hata hilo halikumchekesha. Nilimnunulia mahindi ya kuchoma akapokea, akasema asante, akala akitazama nje. Nilijua anayemtafuta huko dirishani ni yule mwandishi aliyeamini kuwa anamheshimu, na kwamba mimi ndiye niliyemuua.

Stendi ya Babati, kabla hatujaagana, akaongea.

"Siku ya kupima nitakuja. Watoto hawana kosa. Lakini taarifa utaandika jina lako. Wakiuliza, ujibu."

Nikasema sawa.

Siku ya kupima alikuja, tukafanya kazi karibu bila maneno. Mwisho wa mwezi nilikaa peke yangu na karatasi ile kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na karatasi yoyote. Nikaandika jina langu, Boay Margwe. Sahihi sikuwa nayo, ilibidi niitunge. Nikapeleka zahanati, nikarudi nyumbani najiona mtu.

Siku ya tatu taarifa ilirudishwa. Juu yake pameandikwa kwa wino mwekundu: *Mtoa taarifa huyu hajulikani. Haonekani kwenye kumbukumbu za miaka yote. Ithibitishwe na anayemfahamu.*

Mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye benchi hili hili na karatasi magotini, nikaona kwamba ndivyo ilivyo, nilijifuta mwenyewe kwa mkono wangu, mwezi baada ya mwezi, na nilikuwa nimeifanya kazi hiyo vizuri. Mwishowe nikainuka nikaenda kwa Mama Paskalina. Alikuwa anapepeta maharage. Nilimpa karatasi bila kueleza, akaisoma polepole, kidole kinafuata maneno mekundu.

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akaomba kalamu. Pale chini penye nafasi akaandika kwa zile herufi zake kubwa za darasa la nne, moja moja: NAMFAHAMU. Kisha akasaini, kwa haraka, na mkia.